Chokaa ya Juni

Mtoza ushuru wa kaunti humfikia Mama Karai kabla ya wateja. Jiko halijakolea, viazi bado vimo kwenye beseni na manjano yake, naye keshafika na kimashine chake. Huchukua shilingi hamsini na kuacha kikaratasi chepesi ambacho mafuta yatakilowesha kabla ya magharibi. Vikaratasi hivyo Mama Karai huvitunga kwenye waya, kama wavuvi watungavyo changu, na waya wenyewe unaning'inia juu ya meza yake. Mtu akiuliza ni wa nini, jibu ni moja: "Siku watakaponiuliza mimi nimeifanyia nini kaunti, nitawaonyesha."

Hatua tatu kutoka jikoni kwake ipo baraza ya saruji. Jioni hukaa hapo Mwalimu, aliyestaafu, Mhasibu, aliyefanya kazi hazina ya kaunti kisha akatoka kabla hajatolewa, Mkandarasi, na Dogo, anayeegesha tuktuk yake mbele ya watu na kusema amekuja dakika tano. Mji wenyewe siutaji. Ni wa Pwani ya Kenya, na Mkandarasi bado anadai, hataki jina lake wala la mji wake likaribie gazeti. Maneno yao nimeyapanga mimi, nikayakata mikia, maana watu wa baraza hulisema jambo moja jioni tatu.

Jioni ninayoisimulia ilikuwa tarehe 29 Juni. Mwaka wa fedha ulikuwa umebakisha siku moja na ushei.

Dogo: Mimi nasema ugatuzi tuufunge kama duka lililofilisika. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti 47 zimetengewa shilingi bilioni 415. Ukigawa sawasawa, ingawa hazigawiwi sawasawa, ni karibu bilioni 9 kwa kila kaunti. Haya, mulika-mwizi ya soko imezimika tangu lini?

Mama Karai: Tangu kabla ya Ramadhani.

Dogo: Bilioni tisa na taa moja hawaiwezi! Pesa zirudi Nairobi, angalau tuwe na mwizi mmoja tunayemjua sura.

Mwalimu: Taratibu, mwanangu. Wewe ulizaliwa lini? Hukuwahi kuiona Nairobi ikiwa ndiyo yenye kila kitu. Mwaka 1963 nchi hii ilipata uhuru na katiba ya majimbo. Ronald Ngala, mtu wetu wa huku huku, akawa Rais wa Bunge la Jimbo la Pwani. Jina kubwa, kiti kikubwa, mfuko mtupu. Serikali kuu ilibana pesa na madaraka, na ilipofika Novemba 1964 chama cha Ngala, KADU, kikajivunja chenyewe. Jimbo halikuuawa kwa bunduki. Lilinyimwa chakula.

Dogo: Mwalimu, hiyo ni historia.

Mwalimu: Ngoja sasa. Mwaka 1965 ukatoka ule Waraka wa Bunge Nambari 10, ukasema fedha za maendeleo ziwekwe pale penye uwezo wa kuzaa haraka. Maana yake penye reli, penye chai na kahawa, penye mvua. Sisi wa mnazi na mkorosho tungoje matone. Tumengoja hadi Machi 2013. Leo ukiniambia pesa zirudi, naiona ile foleni ya watu wanaopanda basi la usiku kwenda kutafuta sahihi ya mkubwa mmoja Nairobi. Hapana, bwana. Mwizi wa hapa angalau najua msikiti anamosali.

Dogo: Na yeye anajua kwamba unajua, na bado anaiba.

Hapo baraza ilicheka, na Mwalimu akacheka pia, ila nilimwona akiipiga fimbo yake chini mara mbili. Ndiye peke yake kati ya hao aliyewahi kulala nje ya ofisi Nairobi akingojea faili ya uhamisho.

Kisha ikaja habari ya wilbaro, kama ijavyo daima. Katika nchi hii hakuna mjadala wa bajeti ya kaunti unaomalizika bila wilbaro za Bungoma, na Dogo ndiye aliyezisukuma barazani. Mwaka 2015 kaunti ile ilinunua wilbaro kumi, moja kwa shilingi 109,320. Nchi nzima ikacheka hadi machozi. Ikaelezwa kwamba ni za chuma cha aina yake, hakishiki kutu wala hakileti saratani, kicheko kikaongezeka. Watoto waliozaliwa mwaka ule wanazijua wilbaro kuliko jina la gavana wao.

Mhasibu alisubiri wamalize kucheka. Ni mtu wa sauti ndogo, mwenye tabia ya kupangusa kikombe cha kahawa kabla ya kunywa na baada ya kunywa.

Mhasibu: Zidisheni kwanza. Kumi mara 109,320 ni 1,093,200. Milioni moja na kidogo. Ni wizi, sikatai, na aliyehusika hana utetezi. Lakini nisikilizeni. Tume ya Mishahara na Marupurupu imeweka kikomo cha gharama ya kumjengea gavana nyumba rasmi: shilingi milioni 45. Naibu wake milioni 40. Spika wa bunge la kaunti milioni 35. Kikomo hicho kimewekwa ili kuzuia israfu, na ni halali. Kwa pesa za nyumba ya gavana mmoja ungenunua mafungu 41 ya wilbaro zile zile kwa bei ile ile ya kuchekesha. Nani amecheka?

Dogo: Nyumba ni nyumba. Gavana alale wapi?

Mhasibu: Alale. Ninachosema ni kwamba sisi tunapenda kashfa yenye umbo. Wilbaro unaiona, ina gurudumu, unaweza kuichora. Safari za kujifunza hazichoreki. Semina ya siku nne katika hoteli ya Mombasa ya watu ambao ofisi zao ziko humu humu Pwani, haichoreki. Sheria inasema angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Fungua ripoti ya Mdhibiti wa Bajeti ya mwaka wowote upendao. Utakuta kaunti nyingi zimeukosa mstari wa kwanza na kuuvuka wa pili. Wala hakuna aliyevunja kufuli usiku. Kila shilingi ina vocha, kila vocha ina sahihi. Nyingine ni zangu.

Kimya kidogo. Karai lilikuwa likilia chwaa, chwaa.

Mama Karai: Wewe ulitia sahihi?

Mhasibu: Nilitia, Mama. Stakabadhi zilikuwa kamili. Kazi ya mhasibu ni kuuliza kama karatasi zimekamilika. Kama safari ilikuwa na faida, hilo halina kisanduku kwenye fomu.

Nakiri kwamba hapa ndipo nilipoanza kuandika kwa makini, kwa sababu hasira yetu sote huelekezwa kwenye kufuli lililovunjwa. Katiba yenyewe ilijua zaidi. Kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu aseme pia kama pesa zilitumika kwa namna yenye manufaa, mbali na kama zilitumika kwa halali. Lakini ripoti hiyo ikitoka, hupitia kwa wawakilishi wadi na kamati za Seneti, na mara nyingi anayeketi kujibu maswali ameshahama cheo. Swali linamfuata mtu kama barua iliyoandikwa anwani ya zamani.

Mkandarasi alikuwa hajasema. Alikuwa akikunja na kukunjua karatasi ya sigara.

Mkandarasi: Mnazungumza bei za ajabu. Niwaambie bei inavyokuwa ya ajabu? Nilipewa kazi ya kujenga madarasa mawili ya chekechea. LPO, ile hati ya kaunti ya kuagiza kazi, ninayo nyumbani, nimeitilia plastiki. Nilichukua mkopo benki, nikajenga, nikapaka rangi, nikakabidhi. Watoto wanaimba humo kila asubuhi, nikipita nawasikia. Huu mwaka wa tatu. Sijaona shilingi. Pikapu nimeuza. Benki haijui kaunti, inanijua mimi.

Mwalimu: Subhana Allah.

Mkandarasi: Sasa, Mwalimu, kaunti ikinirudia leo na kazi nyingine, nitaandika bei gani ya mfuko wa saruji? Siwezi kuandika ya dukani. Naandika ya dukani, naongeza riba ya miaka miwili, naongeza nauli za kwenda ofisini mara arobaini, naongeza chai ya yule anayeitoa faili chini ya rundo na kuiweka juu. Mkaguzi akija atasema: huyu ameuza saruji kwa bei maradufu. Ni kweli. Nimeuza saruji pamoja na kusubiri.

Mama Karai: Kwa hiyo na wewe ni mwizi.

Mkandarasi: Mimi ni mwizi anayedai, Mama. Aina hiyo iko.

Mama Karai: Na hiyo chai unampa nani?

Mkandarasi: Unataka nilipwe au unataka nitaje?

Mhasibu alimwunga mkono, nusu. Madeni ya kaunti kwa wakandarasi na wauzaji, alisema, yamepita bilioni 150 kwa hesabu za Mdhibiti wa Bajeti, na Nairobi peke yake inadaiwa zaidi ya bilioni 80. Lakini ndani ya rundo hilo kuna madeni ya watu kama rafiki yetu na kuna madeni yaliyozaliwa kwenye kompyuta. Mkaguzi Mkuu alipokagua madeni ya kaunti ya hadi Juni 2018, kati ya karibu bilioni 89 zilizodaiwa, ni kama bilioni 51 tu zilizoonekana zinastahili kulipwa. Zilizobaki zilikosa ushahidi wa kutosha. Mwenye deni hewa, kwa bahati mbaya, ndiye mwenye rafiki ndani, kwa hiyo faili lake halijui kukaa chini.

Dogo: Basi mnaona! Wezi. Tunarudi pale pale.

Mhasibu: Hatujarudi pale pale. Wewe unasema mwizi anafanya bajeti iwe mbovu. Mimi nasema kalenda mbovu ndiyo inayomfugia mwizi. Pesa za mgao hutoka Hazina Kuu kwa kuchelewa. Miezi inapita, kaunti inalipa mishahara tu, tena kwa taabu. Halafu Mei na Juni pesa zinashuka kama mvua ya masika, na tarehe 30 Juni idhini ya kuzitumia inakufa. Mkuu wa idara ana wiki tatu za kutumia pesa za miezi sita. Atanunua nini? Atanunua kinachonunulika haraka. Kisima hakichimbwi kwa wiki tatu. Semina hufanyika. Fenicha hununulika. Chokaa hupakwa.

Dogo: Na mwizi?

Mhasibu: Mwizi anapenda haraka kuliko anavyopenda giza.

Nilidhani Dogo amekwama, lakini kijana huyu alikuwa barabarani Juni 2024, Mombasa, na ana jambo lake. Waliouona mwezi ule wanakumbuka: Mswada wa Fedha uliolenga kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi, vijana wakamwagika mabarabarani, tarehe 25 wakaingia Bungeni Nairobi, watu wakauawa, na siku iliyofuata Rais akatangaza hatautia sahihi. Katika madai yao kodi ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa magari, safari, saa za dhahabu mikononi mwa watu wanaolipwa na umma.

Dogo: Tulifaulu. Mswada ulikufa.

Mhasibu: Ulikufa, na unajua nani alizika? Mgao wa kaunti wa mwaka ule ulikuwa umepitishwa kuwa bilioni 400.1. Baada ya mswada kufa ukakatwa, ukaishia bilioni 387.4. Karibu bilioni 13 zikaondoka huku chini. Dawa za zahanati ziko humo, chekechea zimo humo. Na rafiki yako huyu mwenye pikapu iliyouzwa yumo humo.

Dogo: Unanilaumu mimi?

Mhasibu: Nakwambia hesabu.

Dogo: Hesabu! Sisi tulisema kateni safari, kateni ofisi za wake wa wakubwa, kateni washauri. Wao wakakata zahanati. Halafu wewe unakuja na kalamu unasema ni sisi. Mhasibu, kaka yangu, nakuheshimu, lakini nani alichagua pa kukata? Mimi nilikuwa na bango. Sikuwa na kisu.

Hilo Mhasibu hakulijibu, na nadhani halikuwa na jibu. Alipangusa kikombe. Kama kuna mtu aliyeshinda jioni ile, kwa sentensi moja, alikuwa mwenye tuktuk. Mtu akilazimishwa kupunguza matumizi nyumbani, hukata kitu kisichokuwa na mdomo. Mwenye posho ana mdomo na ana kiti mezani. Mgonjwa wa zahanati ya kijijini hajui hata mkutano ulikuwa lini.

Na hapo ndipo Mama Karai alipoacha mwiko wake.

Mama Karai: Mimi niliitwa.

Mwalimu: Uliitwa wapi?

Mama Karai: Kwenye hayo maoni ya umma. Mwezi wa tano. Hotelini, saa nne asubuhi, wakati mimi nachagua viazi sokoni. Nikafunga kazi nikaenda. Tukapewa kitabu kizito hivi, Kiingereza mwanzo mpaka mwisho. Nimesoma hadi darasa la nane, si mjinga, lakini kile kilikuwa kama daftari la duka la mtu mwingine: namba, namba, namba. Nikainua mkono. Nikasema, naomba choo cha soko na taa. Yule bwana akaandika. Akasema asante kwa mchango wako mzuri. Tukapewa soda na mia tano ya nauli, tukatia sahihi. Nilipokuja kujua, ile sahihi ya nauli ndiyo inaonyesha kwamba wananchi wameshauriwa.

Dogo: Umeuzwa kwa mia tano, Mama.

Mama Karai: Na soda.

Kenya ina lugha ya taifa, na Katiba, kifungu cha 7, imeifanya pia kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Gavana huomba kura kwa Kiswahili. Mtoza ushuru hukudai kwa Kiswahili. Askari wa kaunti akimwaga viazi vya watu, atawatukana kwa Kiswahili fasaha. Pesa zikishakusanywa tu ndipo zinapobadilisha lugha. Nimewahi kukishika kitabu cha bajeti ya kaunti na kalamu mkononi, mimi ninayekula kwa maandishi, na ukurasa wa kumi na mbili ulinishinda.

Mhasibu: Mama, wacha nikwambie jambo ambalo hukuambiwa. Mwezi wa tano ulikuwa umechelewa. Sheria ya fedha za umma inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka ifikapo tarehe 1 Septemba. Mwezi wa tisa! Hapo ndipo miradi inapoandikwa majina. Tarehe 28 Februari kinapelekwa kile kitabu cha vikomo, kila idara itapata kiasi gani. Tarehe 30 Aprili makadirio yako mezani. Wewe umekuja Mei. Umekuja pilau imepakuliwa, umebakizwa na ukoko, ukaulizwa kama unapenda mchele mrefu au mfupi.

Mama Karai: Na mwezi wa tisa mkutano unakuwa wapi?

Mhasibu: Huwa hauna watu.

Mama Karai: Sikuuliza kama una watu. Nimeuliza unakuwa wapi.

Mhasibu: Ofisi ya wadi, kwa kawaida. Tangazo hubandikwa.

Mama Karai: Limebandikwa lini, na mimi hupita pale kila siku?

Mwalimu akaona nafasi yake. Ana kaunti moja anayoipenda kama watu wanavyopenda timu ya mpira, nayo ni Makueni. Nitamfupishia, maana akianza huanza na mvua za Ukambani. Makueni, anasema, nayo iliwahi kuwa kichekesho. Gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wadi waligombania bajeti, wao wakitaka fungu nono zaidi na yeye akikataa, hadi Septemba 2014 risasi zikalia kwenye kiwanja cha bunge la kaunti na watu wakajeruhiwa. Wananchi wakapeleka ombi kaunti ivunjwe. Tume ikaundwa chini ya wakili Mohammed Nyaoga, ikapendekeza kweli ivunjwe, na mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Watu wa Makueni wakabaki na serikali waliyokuwa wameikataa wenyewe.

Mwalimu: Wakafanya nini? Wakashuka hadi kijijini. Mikutano ya bajeti kijijini, wanachagua mradi, wanachagua kamati ya kuusimamia, na mkandarasi halipwi mpaka kamati iseme kazi imekamilika. Wakajenga hospitali ya mama na mtoto Wote. Wakaanzisha bima, kaya moja shilingi 500 kwa mwaka.

Mkandarasi: Kamati ya watu wangapi?

Mwalimu: Wa kijiji.

Mkandarasi: Wangapi, Mwalimu? Tisa? Sasa mimi nilikuwa na mtu mmoja wa kumpa chai. Unaniletea tisa.

Mwalimu: Hao tisa watoto wao wanasoma kwenye darasa hilo!

Mkandarasi: Na mkubwa wa ofisini hana watoto? Anao. Wako shule ya kulipia. Haya, hapo umenipata.

Dogo hakukubali haraka. Makueni nayo, alisema, hukutwa na hoja za ukaguzi kama wengine, na kaunti moja kati ya 47 si ushahidi, ni bahati. Mwalimu akasema bahati haiiti mikutano kijijini. Walizunguka hapo kwa muda, mwuza kahawa akapita na dele lake mara ya pili, kashata zikanunuliwa. Sitawachosha.

Lililonibakia mimi ni maneno ya Mkandarasi juu ya watoto. Kijana wa uhasibu aliyeketi ghorofani na kuidhinisha semina hana chuki na mtu. Yeye haishi ndani ya bajeti anayoiandika. Hatibiwi kwenye zahanati yake, hakojoi kwenye choo cha soko lake, na usiku hapiti chini ya mulika-mwizi yake. Mama Karai anaishi ndani yake kutwa. Ushuru wake umo katika zile karibu bilioni 59 ambazo kaunti zote zilijikusanyia zenyewe mwaka wa 2023/24, na yeye ndiye pekee kati yetu aliyeweza kuonyesha risiti.

Mama Karai: Nina swali moja, halafu nirudi kwa viazi vyangu. Hiyo bei ya taa ya soko, kwenye kile kitabu, imeandikwa?

Mhasibu: Imeandikwa.

Mama Karai: Ukurasa gani?

Mhasibu alifungua simu. Alitafuta kwa muda mrefu, mwanga ukimpiga usoni, sisi tukimtazama kama jamaa wanaosubiri majibu ya hospitali.

Mhasibu: Imeandikwa "ukarabati wa miundombinu ya masoko, maeneo mbalimbali". Jumla moja. Taa haijatajwa.

Mama Karai: Hayo maeneo mbalimbali yako upande gani?

Wakati huo huo canter iliingia kutoka barabara kuu, ikafunga breki karibu na ukuta wa soko. Vijana watano wakashuka na ndoo, brashi na mfuko wa chokaa. Ilikuwa kabla kidogo ya saa tatu usiku. Wakaanza kupaka mawe ya ukingo wa barabara, jeupe, ruka, jeupe, ruka, kuanzia kona ya msikiti. Mawe yale yalikuwa yamepakwa mwaka jana, mwezi kama huu.

Dogo: Mhasibu, mvua yako hiyo imeshuka.

Mhasibu aliitazama saa yake, hakusema kitu.

Walifika mbele ya baraza na kukwama, kwa kuwa hapo ndipo kivuli cha mulika-mwizi iliyokufa kinapoanzia. Mmoja wao, mwenye kofia iliyogeuka nyeupe yote, akamwomba Dogo ageuze tuktuk awamulikie. Dogo akauliza nani atalipa mafuta. Yule akacheka, Dogo naye akacheka, akageuza tuktuk. Wakapaka kwenye mwanga wake, wakiwa wamepiga magoti.

Mwalimu aliwauliza wanalipwa kiasi gani. Waliambiwa mia saba kwa usiku, walisema, ila yule mwenye kazi bado hajapewa na kaunti, kwa hiyo watangoja.

"Mtangoja," alisema Mkandarasi, na ndiye pekee aliyeliona hilo kuwa la kuchekesha.

Walipomaliza kona ile wakasogea jikoni, mikono myeupe hadi kwenye viwiko, wakauliza sahani ni pesa ngapi na kama wanaweza kula sasa walipe baadaye. Mama Karai aliwatazama mmoja mmoja. Akapakua sahani tano, akamwaga ukwaju juu. Kisha akachomoa kikaratasi kimoja kwenye ule waya, akakigeuza upande usio na maandishi, akamnyoshea mkono Mhasibu ampe kalamu.

"Sahani tano," alisema akiandika. "Naandika jina la nani?"

"Andika kaunti," akajibu yule wa kofia.